Bwana Alivyolitumia Jino Langu la Dhahabu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Hapana, hiyo si sauti ya watu waliokunywa uji asubuhi. Bwana apewe sifa! Sasa nimewasikia. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mwangaluka. Mchungaji, wabeja sana kwa kunipa nafasi hii. Umeniomba nisichukue muda mrefu, nami nimekubali kwa adabu, ila wanaonifahamu wanajua kwamba mimi nikianza kusimulia matendo ya Bwana, kunikatisha ni kazi.

Kwa wageni, mimi ni Mama Kulwa, mke wa Masanja, yule pale mwenye koti la kahawia anayetazama chini. Hapendi kutajwa hadharani. Leo atavumilia, kwa sababu ushuhuda huu ni wake pia.

Ndugu zangu, najua wengi mnatazama mdomo wangu. Tazameni. Hili jino la mbele linalong'aa ni dhahabu, tena dhahabu ya Geita, na jiwe lililoitoa nililiponda kwa mikono yangu hii. Nimesikia wanaosema Mama Kulwa ana maringo tangu arudi kutoka Ulaya. Wasitafute mbali, ni kweli, ninaringa! Mtu aliyetendewa niliyotendewa mimi akikaa kimya atakuwa amemnyima Bwana sifa zake.

Nilizaliwa upande wa Mhunze, kwa baba mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha. Nilishika plau nikiwa msichana, na sikuwa wa kubembelezwa. Nilipoolewa na Masanja, msimu wa kwanza kabisa nikaingia naye shambani. Yeye aliongoza ng'ombe, mimi nikashika mpini. Jembe likagonga kisiki, mpini ukaruka ukanipiga mdomoni, na jino langu la mbele likavunjika nusu. Mimi bi harusi mpya! Nikawa sicheki bila kuziba mdomo kwa khanga. Nikienda kisimani, wifi zangu wananisimulia vichekesho kwa makusudi ili waone nitakavyofanya. Masanja hakusema mengi. Alisema tu kwamba jino hilo litarudi, na litarudi zuri kuliko la kwanza.

Pamba mwaka ule ilituangusha. Watu wa Songwa walikuwa na almasi yao, lakini ile ina uzio na walinzi. Sisi tukafunga mizigo, tukaelekea Geita, kwenye mashimo yasiyo na uzio. Wanaume walishuka kwenye duara, ndivyo shimo la dhahabu linavyoitwa kule, wakapandisha mawe. Wanawake tukakaa juu tukiyaponda. Unaweka jiwe juu ya kipande cha reli au chuma kizito, unalipiga kwa nyundo mpaka liwe kokoto, kisha unatwanga kwenye kinu cha chuma kwa mchi uliotengenezwa kwa ekseli ya gari. Unga ule ndio unaooshwa kwenye karai. Nani aliwahi kuvaa kitu machoni? Hakuna. Tulifunga kitambaa kichwani ili nywele zisijae vumbi, basi. Nyundo zenyewe zilikuwa zimechakaa, kingo zimechanua, na kila ukipiga vipande vinaruka. Tuliimba na kuponda, na mtoto yuko mgongoni.

Siku moja kitu kiliniingia jicho la kushoto. Kilichoma kama cheche. Nikaacha nyundo, machozi yakanitiririka. Tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, akanikalisha chini, akanikamulia maziwa jichoni, kama tunavyofanya siku zote mtu akiingiwa na takataka. Maumivu yakapoa. Kesho yake jicho lilikuwa jekundu kidogo, keshokutwa nikasahau. Tukajua kimetoka. Ndugu zangu, wote tuliamini kimetoka.

Miezi si mingi baadaye duara letu likatoa. Masanja, ambaye wenzake walikuwa wanawaza baiskeli na redio, alichukua sehemu ya dhahabu yake ya kwanza akanipandisha basi la Mwanza. Sonara akaiyeyusha na kuifanyia kazi, daktari wa meno akaifunika juu ya kile kipande cha jino kilichobaki. Nilipotoka pale nilicheka njia nzima hadi abiria wakaniuliza nina nini. Wifi zangu walipoliona hawakunisimulia vichekesho tena. Sijawahi kuvaa pete ya ndoa mpaka leo, na sijawahi kuihitaji.

Miaka ikapita. Watoto wakakua, tukarudi Shinyanga, tukajenga, tukaokoka wote wawili hapa hapa kanisani. Ndipo jaribu likaja.

Lilianza na jicho la kushoto. Jioni nikawa naona vibaya, watu wananipita bila mimi kujua ni nani. Kisha taa ikawa na duara la rangi kama kutu. Kisha kichwa, ndugu zangu! Kichwa kilikuwa kinauma upande mmoja hadi natapika. Kikinishika, hata jicho la kulia silifumbui, nikawa nashika ukuta nikitembea nyumbani mwangu mwenyewe. Mimi niliyeshika plau, nikawa nashikwa mkono kupelekwa chooni na mtoto niliyemzaa. Nililia. Sitasema uongo hapa madhabahuni, nililia na nikamuuliza Mungu maswali.

Hospitalini mwaka ule hapakuwa na filamu za eksirei. Mnakumbuka hali ilivyokuwa, hata sabuni tulikuwa tunapangia foleni. Daktari alinipima kwa alivyoweza, akamwita Masanja pembeni. Masanja hajui kudanganya, uso wake ulinieleza kabla ya mdomo. Walihofia uvimbe ndani ya kichwa, na kama ni uvimbe, ungeweza kuchukua macho yote mawili, na mwisho wake unajulikana.

Hapo ndugu wa pande zote mbili wakakusanyika, na jino langu likapata kesi. Wapo waliosema dhahabu imetoa sumu ikapanda jichoni. Shangazi yake Masanja akaenda kwa mfumu, yule mganga wa jadi, bila kutuuliza, akarudi na jibu kwamba shimo la Geita linadai mali yake. Ling'olewe, lipelekwe kule likarudishwe ardhini, pamoja na kondoo mweusi. Kila siku mtu anakuja na habari ya koleo mdomoni mwake. Nikamwambia shangazi kwa heshima zote kwamba mimi ni mtoto wa Mungu aliye hai, na shimo halinidai kitu. Alikasirika, akasema basi nitakufa na dhahabu yangu. Leo yuko hapa kanisani, kakaa mstari wa tatu, na tumepatana. Shangazi, wabeja kwa kuja.

Bwana akafungua mlango. Mnamkumbuka yule muuguzi mmisionari tuliyemwita Mama Limi, kwa sababu binti yake alizaliwa hapa tukampa jina la Limi. Alikuwa anarudi kwao likizo. Akaandikiana na hospitali ya kanisa lake kule, wakakubali niende, na wakristo wa huko wakachukua mzigo wa safari. Mama Limi akaja nyumbani kutueleza. Akasema kuna mashine mpya, haina mionzi kama eksirei. Ni sumaku kubwa, mtu mzima analazwa ndani yake kama ndani ya pipa, nayo inapiga picha ya ubongo. Lakini asiingie mtu mwenye chuma mwilini, maana nguvu ya sumaku ile si ya mchezo.

Ilikuwa kama kumwagia moto petroli. Jino! Safari hii hata watu wa maombi walinishauri liondolewe. Wakasema litang'oka lenyewe na kupasua kichwa, wengine wakasema litayeyuka mdomoni. Nikaanza kuogopa, nawaambia kweli. Jino la mume wangu, au uhai wangu? Mama Limi mwenyewe alisema hajui, yeye ni muuguzi wa wazazi, madaktari wa kule ndio watakaosema.

Ndipo Masanja akainuka. Akaenda stoo akarudi na sumaku yake ya zamani, ile iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. Wachimbaji wote wanayo. Ukishaosha mchanga unabaki na dhahabu iliyochanganyika na mchanga mweusi, basi unaifunga sumaku kwa karatasi, unaipitisha juu, mchanga mweusi wote unaruka na kuganda, dhahabu inabaki chini imetulia. Akanikalisha kwenye kigoda uani, mbele ya ndugu wote, akaniambia nifungue mdomo. Akaweka sumaku kwenye jino. Akaiachia kidogo, ikaanguka mapajani mwangu. Akarudia, ikaanguka tena. Akawageukia.

"Mimi nimeishi na dhahabu na sumaku kuliko ninyi wote," akasema. "Hivi viwili havijuani. Mke wangu ataondoka na jino lake."

Ndugu zangu, sijawahi kujivunia mwanamume kama siku ile! Shangazi aliondoka bila kunywa chai. Na mimi nikafunga safari nikiwa na amani, nikijua tumemaliza habari ya chuma. Kila mtu aliyekuwa uani pale, wachimbaji wa miaka mingi, wanawake walioponda mawe pamoja nami, wote tulijua tumemaliza. Tulikuwa tumepima jino tu.

Ulaya sitawasimulia, baridi yake mtaijua mkienda. Niliwekwa wodini, na siku ya mashine ilipofika tukaingia na Mama Limi kwenye chumba kidogo. Kulikuwa na daktari mtu mzima mpole, mwenye nyusi nene nyeupe. Mashine yenyewe ilikuwa nyuma ya mlango mwingine, naisikia inaunguruma. Wakanivua hereni, wakachukua pini za nywele, hata kishikizo cha gauni kilichokuwa na bati. Kisha akauliza kupitia kwa Mama Limi kama nina chuma chochote mwilini, moyoni, kichwani, mdomoni.

Kule machimboni, ndugu zangu, mtu hataji dhahabu yake mbele ya mgeni. Ni desturi. Unaulizwa umepata nini, unasema tumepata vumbi. Na mimi desturi ile ninayo hadi mifupani. Ningeweza kufumba mdomo nikaitikia kwa kichwa kwamba sina, Masanja si alishapima? Lakini Roho wa Bwana akanisukuma. Au labda ni maringo yangu. Bwana anajua kutumia hata maringo! Nikafungua mdomo wote nikamwonyesha.

Yule daktari akachungulia kwa tochi ndogo, akaligusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema dhahabu haivutwi na sumaku, na jino lililofungwa imara namna hii halina tatizo. Hata mafundi wa meno wakichanganya na madini mengine kidogo, na hata meno yaliyozibwa kwa mchanganyiko wa fedha na zebaki, kwa kawaida yanaingia salama. Litaharibu kidogo picha karibu na mdomo, patatokea kiza, basi. Meno ya bandia ya kutoa na kuvaa ndiyo wanayaweka pembeni kwanza. Lakini akasema nimefanya vyema kusema, kwa sababu wao wanataka kujua kila kitu kabla, wapime wenyewe.

Nikafurahi mno. Nikamwambia Mama Limi amweleze kwamba mume wangu aliyasema hayo hayo uani kwetu Shinyanga kwa sumaku ya redio. Akacheka. Nilipoona amecheka nikanogewa. Nikampa habari yote, plau, kisiki, wifi zangu, duara. Nikamwambia dhahabu hii hakuninunulia dukani, jiwe lake nililiponda mwenyewe kwa nyundo. Nikamwonyesha na mkono jinsi tulivyokuwa tunapiga.

Akaacha kucheka. Akaweka tochi mezani. Akauliza nyundo ya nini, nikasema ya chuma. Jiwe mliliweka juu ya nini? Juu ya reli. Machoni mlivaa nini? Nikasema hatukuvaa kitu. Akauliza kama niliwahi kuingiwa na kitu jichoni wakati wa kuponda. Nami nikataka kusema hapana, kisha nikamkumbuka yule mama na maziwa yake.

"Jicho gani?" akauliza.

Nikashika la kushoto, hili lililokuwa linakufa. Daktari akainuka, akaenda mwenyewe akafunga ule mlango wa mashine.

Hawakuniingiza siku ile. Walinipeleka eksirei, wao filamu wanazo. Baadaye akaniita akaniwekea picha mbele ya taa. Nikaona fuvu langu mwenyewe, na jino langu jeupe kama taa. Na juu yake, kwenye tundu la jicho la kushoto, kistari kidogo cheupe, kama ncha ya sindano iliyokatika. Kipande cha nyundo. Kilikuwa kimekaa humo miaka yote, nikizaa, nikipika, nikiimba kwaya. Kilikuwa kinapata kutu taratibu ndani ya jicho langu.

Daktari akazungumza polepole ili Mama Limi asikosee neno. "Mama, jino lako halikuwa na hatari. Hatari ni hii. Ningekuingiza kwenye sumaku, chuma hiki kingesogea ndani ya jicho, na lingekwisha hapo hapo. Jicho lako limeokolewa kwa sababu ulinisimulia habari za jino."

Ndugu zangu! Jino walilotaka kuling'oa! Jino lililodaiwa kondoo mweusi! Kama ningelitoa nyumbani, ningefika kwa yule daktari na pengo, nikaulizwa kama nina chuma, nikasema sina, kwa moyo safi kabisa, na ningeingia. Ningekuwa nimejibu kweli yangu yote, na nisingekuwa na jicho. Bwana aliona mpini wa plau ukiniruka siku ile ya aibu yangu, na tayari alikuwa anapanga. Haleluya!

Wakanipasua, wakatoa kile kipande. Mama Limi alilia kuliko mimi. Nilipopona, daktari akataka kuwa na uhakika kuhusu kile kichwa, maana hofu ya uvimbe ilikuwa haijaondoka. Akapima tena jicho kwa eksirei, likawa safi. Ndipo mlango ule ukafunguliwa na mimi nikaingia, nikiwa na jino langu mdomoni.

Nililala kwenye kitanda chembamba, kikanisukuma ndani. Ile mashine ikaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, ndugu zangu, kama wanawake wa machimbo yote ya Geita wamekaa pamoja wanaponda mawe. Wengine wanaogopa mle. Mimi nilijisikia nimefika kwa wenzangu. Niliimba moyoni zile nyimbo zetu za kuponda, na kila nilipomaliza moja nilimshukuru Yesu. Jino halikutikisika, halikupata joto, halikufanya lolote. Picha zilipotoka palikuwa na kiza kidogo mdomoni, kama alivyosema. Kwingine kote kulionekana. Hapakuwa na uvimbe. Kichwa changu ni kizima, ingawa Masanja ana mashaka nacho.

Jicho hili la kushoto halikurudi lote. Sitaki mtu aseme Mama Kulwa ameongeza chumvi. Linaona mwanga, linaona umbo la mtu, rangi linazipata kidogo. Kutu ilikuwa imekula kabla Bwana hajaisimamisha. Lakini maumivu ya kichwa yameondoka, na la kulia ni zima kabisa. Nashika plau nikitaka. Nashona. Juzi nimetunga uzi kwenye sindano mbele ya binti yangu aliyekuwa ananishika mkono kwenda chooni, naye akaenda nje kulia.

Sasa nina neno na wenzangu. Akina mama mnaoponda mawe, vijana mnaoshuka mashimoni, funikeni macho, hata kwa kioo cha kofia ya pikipiki. Maziwa ya mama yanapoza, lakini hayatoi chuma. Na mkienda kwa daktari, acheni desturi yetu ya kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Semeni mna nini mdomoni, mlifanya kazi gani, nini kiliwahi kuwaruka. Msichague cha kusema, hamjui ni kipi Bwana amekiweka kiwaokoe.

Namshukuru Mungu wangu. Nawashukuru wale wakristo wa ng'ambo, na Mama Limi, na daktari yule aliyekuwa na masikio ya kusikiliza hadithi ya mwanamke asiyemjua. Baba Kulwa, nakushukuru mbele za watu wote. Inua uso.

Na wewe uliyekuja leo na mzigo wako, uliyekwisha kuambiwa na ndugu ung'oe hiki na uchinje kile, Bwana huyu hana ubaguzi, mwamini. Naona watu wanaanza kuinama wasionekane. Wewe mama uliye nyuma kabisa karibu na nguzo, mwenye kitenge cha kijani na mtoto aliyelala, usijifiche. Nakuona vizuri. Njoo mbele.